Meza za jioni na Fuso za shemeji



Shangazi, mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mlalo huku milimani, wilaya ya Lushoto. Nina kibanda cha chakula kwenye mtaa mmoja mwembamba karibu na soko. Asubuhi nauza chai ya maziwa, chapati na maandazi, mchana wali maharage, jioni makande. Namshukuru Mungu, watoto wanasoma.

Mwaka huu wenye hoteli na mama lishe wa mtaa wetu tumeunda kikundi, nami nikachaguliwa mhazini. Mwenyekiti ni kijana wa hapahapa aliyefanya kazi ya hoteli Unguja kwa muda mrefu. Amerudi na wazo ambalo mwanzoni lilitufurahisha sote. Anataka miezi ya baridi, Juni mpaka mwisho wa Agosti, mtaa ufungwe kila siku kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku. Magari yasipite, tupange meza katikati ya barabara, tutundike taa, tuchome mishikaki, watu wale nje kama Forodhani. Anasema Mlalo itapata jina, na wageni wanaoishia Lushoto mjini watapanda mpaka huku. Kila mwanachama ametoa shilingi elfu hamsini. Sehemu ya pesa hizo ameshanunulia turubai na taa, na risiti kaniletea moja tu.

Tatizo ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Ana stoo ya viazi na kabichi mtaa huohuo. Fuso zinapakia hapo jioni ili zifike Dar es Salaam alfajiri. Alipopata habari mtaani alikuja kwangu, hata kiti hakukalia, akaniambia nikitia saini barua ya kuomba mtaa ufungwe nisigonge tena mlango wake. Shangazi, huyu ndiye aliyenikopesha mtaji nilipoanza. Godoro na sanduku la mtoto wangu wa kwanza alipokwenda bweni alinunua yeye. Nikimuuliza mume wangu anasema yeye hayumo, nimalizane na kaka yake mwenyewe.

Wenzangu nao wananicheka kwamba namwogopa shemeji kuliko njaa. Wanasema shemeji hana hati ya barabara. Kweli wateja wangu wa jioni wengi ni hao wapakiaji na madereva, siyo watu wa mishikaki, lakini nikisema hivyo kwenye kikao naambiwa sina maono. Barua ya kuomba kibali iko tayari kwenda kwa mtendaji, imebaki saini yangu tu. Nisaini au nisisaini? Na shemeji nimwendeeje?

Mama Makande, Mlalo

* * *

Mwanangu, pole kwa kubanwa huku na huku.

Umeniuliza maswali mawili, na la kwanza umelijibu wewe mwenyewe katika ile sentensi uliyoipitisha haraka kama mtu anayeona haya. Umesema wateja wako wa jioni wengi ni wapakiaji na madereva. Wenzako wamekucheka. Mimi sicheki, maana katika barua nzima hakuna habari yenye thamani kuliko hiyo, na nadhani wewe peke yako kwenye kikao kile ndiye uliyekuwa unazungumzia watu walio hai. Wengine walikuwa wanazungumzia wageni ambao hawajafika.

Hebu tuutazame mtaa wako mwezi Julai, saa kumi na mbili na nusu jioni. Ukungu umeanza kushuka. Mama aliyekuwa shambani amerudi, moto umewashwa, watoto wamezunguka mafiga. Baba ana koti zito na hana mpango wa kutoka. Nani yuko barabarani? Ni vijana wanaobeba viroba vya viazi kutoka stoo hadi kwenye gari, dereva anayetaka kuweka kitu tumboni kabla ya kona za kuteremkia Mombo, utingo wake, na wa bodaboda wanaongoja abiria wa mwisho. Hao ndio wanaokula nje kila siku Mungu aliyoumba, baridi au joto, kwa sababu kazi yao iko nje na nyumbani kwao hakujaiva bado. Sasa mwenyekiti wako anataka kuweka kizuizi mwanzoni na mwishoni mwa mtaa saa hiyohiyo. Fuso itakwenda kupakia mahali pengine. Wapakiaji wataifuata Fuso, na mama mwingine huko ilikohamia atainjika sufuria la makande. Kikundi chenu kitakuwa kimefukuza walaji ili kupata nafasi ya kupanga meza za kungojea walaji.

Usinielewe vibaya. Sipingi watu kula barabarani wala sipingi mtaa kufungwa. Ni jambo zuri likifanywa penye sababu, na kwa bahati nzuri hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Kigali, mji mkuu wa Rwanda, wamelijaribu kwa njia zaidi ya moja, na tofauti ya matokeo inafundisha kuliko semina yoyote ya ujasiriamali.

Mwaka 2015 jiji lile lilifunga barabara katikati ya mji, eneo la maofisi na maduka makubwa, likakataza magari. Nia ilikuwa njema. Lakini kwa miaka kadhaa palibaki lami tupu inayopigwa na jua, hapana pa kukaa, hapana kivuli, na wenye maduka wakanung'unika kwamba wateja wenye magari wamepotea. Ilibidi baadaye paje kutengenezwa upya, vikawekwa viti na miti, ndipo watu wakaanza kukaa. Barabara ilikuwa imefungwa kabla ya kuwapo sababu ya mtu kusimama pale.

Kisha njoo Biryogo, kule Nyamirambo, katika mji huohuo. Biryogo ni mtaa wa zamani wa Waislamu, Kiswahili kinasemwa pale tangu enzi za ukoloni, na watu wake wanajulikana kwa chai, nyama choma na kukaa vibarazani. Mwaka 2021, wakati wa UVIKO-19, mikahawa ilipotakiwa kuwatawanya wateja wake, jiji lilifunga mitaa pale ili meza zitoke nje. Lami ikapakwa rangi, viti vikajaa, na ugonjwa ulipopungua meza hazikurudi ndani. Leo mgeni akifika Kigali anapelekwa Biryogo kunywa chai. Unaona tofauti? Chai ya Biryogo ilikuwapo kabla ya kufungwa kwa mtaa. Wanywaji walikuwapo, wamebanana kwenye vibaraza. Serikali iliwaongezea nafasi tu. Kufunga barabara hakujawahi kumpikia mtu chakula wala kumletea njaa.

Mwulize mwenyekiti swali hili bila ukali. Hao watu wa mishikaki saa mbili usiku, mwezi wa saba, sasa hivi wanakula wapi? Kama wanabanana vibandani kwenu hadi wengine wanasimama, mna haja ya barabara. Kama hawapo, mna haja ya jambo jingine.

Na Forodhani aliyorudi nayo kichwani? Mimi naipenda Forodhani, na kijana huyo hakukosea kuipenda. Lakini asisahau kilichoifanya iwe vile. Pale ni bustani iliyo kando ya bahari, si barabara yenye stoo za watu. Ilikarabatiwa kwa fedha nyingi na taasisi ya Aga Khan ya utamaduni, ikafunguliwa tena mwaka 2009, na wachuuzi wa chakula wakapangiwa sehemu yao. Tena iko katikati ya Mji Mkongwe, hatua chache kutoka hoteli zilizojaa watalii ambao jioni hawana pa kwenda. Juu ya hayo yote kuna joto. Unguja mchana watu hujificha jua, wakatoka likizama, na usiku wa Julai upepo wa bahari ni raha. Sisi wa milimani ni kinyume. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe kipimajoto huweza kushuka karibu na nyuzi 10. Mtu wa Mlalo haogopi jua la mchana, analitafuta. Umewaona wazee asubuhi ya Julai ukungu ukishapanda? Wanabeba vigoda kutoka ndani, maana nyumba ya udongo mwezi huo ni baridi kuliko uani, wanaegemea ukuta unaopigwa na jua, na hapo hawaondoki mpaka waitwe.

Hapo ndipo ningepeleka wazo la mwenyekiti wenu. Baridi ya Usambara inamtoa mtu nje mchana. Kama mnataka meza barabarani wakati wa kipupwe, zitoeni saa nne asubuhi, jua limekolea, mpaka saa tisa au kumi. Na siku ya kuanza nayo mnayo tayari, ni siku ya gulio. Siku hiyo mtaa mwembamba karibu na soko umeshafungwa na watu wenyewe, gari likiingia linapiga honi nusu saa bila kusogea. Kuna watu waliotoka vijijini tangu alfajiri, wameuza maharage na ndizi zao, wana pesa mfukoni na njaa tumboni, na wanakula wamesimama au wamechuchumaa na bakuli mkononi kwa sababu vibanda vimejaa. Hiyo ndiyo Biryogo yenu. Hata hao wageni anaowaota mwenyekiti, wale wanaotembea kwa miguu kupitia Rangwi kuelekea Mtae, mchana ndipo wanapopita wakiwa na njaa. Saa mbili usiku wamekwisha kulala, miguu inawauma.

Isitoshe, saa hizo za mchana Fuso za shemeji ziko wapi? Nadhani nyingi ziko njiani kurudi, au dereva amelala. Nasema nadhani kwa kuwa anayejua kweli ni shemeji. Nitamfikia.

Mtu atakuambia, mbona wenzetu wa nchi za theluji wanakula nje usiku wa baridi? Ni kweli, wapo. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, walifunga mtaa wao mkuu wa maduka, Strøget, mwezi Novemba 1962, baridi ikiwa imeanza. Wenye maduka walipiga kelele kwamba biashara itakufa, na wengine wakasema sisi si Waitaliano wa kuzurura mitaani. Leo mtaa ule ni fahari ya mji, na nje ya mikahawa utakuta watu wamejifunika mablanketi wakinywa kahawa. Lakini angalia walivyoanza. Lilikuwa jaribio kwanza, na uamuzi wa kudumu ulikuja mwaka 1964, baada ya kuona. Barua yenu inaomba kila siku kwa miezi mitatu mfululizo hata kabla ya kujaribu Jumamosi moja.

New York nao wana mkasa wao. Juni 2020 jiji liliruhusu mikahawa kupanga meza kwenye njia ya magari, na baridi ilipokuja wakajenga vibanda vya mbao vyenye vipasha joto. Viliokoa ajira nyingi, hilo halina ubishi. Lakini malalamiko ya panya, kelele na nafasi ya magari yakazidi, na jiji lilipotunga utaratibu wa kudumu, ukaanza kutumika mwaka 2024, meza za barabarani zikaruhusiwa kuanzia Aprili hadi Novemba tu. Baridi ilipofika, zikaondolewa. Ufaransa, nchi ya mikahawa ya kukaa nje, tangu Aprili 2022 imepiga marufuku vipasha joto vya nje kwa kuwa ni kuchoma nishati ili kulipasha joto anga. Matajiri hao, mwanangu, wamehesabu gharama ya kumkalisha mtu nje usiku wa baridi na wakasita. Nyie mna kila mtu elfu hamsini.

Kuhusu kupasha joto, hapa nakuwa mkali. Turubai limeshanunuliwa. Najua kitakachofuata, maana nimekulia penye baridi: watu wataliteremsha pande zote nne ili upepo usiingie, kisha watawasha majiko ya mkaa katikati. Msithubutu. Mkaa ukiwaka mahali pasipopitisha hewa unapajaza gesi isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasikia kichwa kizito, anadhani ni uchovu, analala, na haamki. Kila kipupwe watu hufa hivyo ndani ya vyumba vyao wakiwa wamekumbatia jiko. Turubai liwe la kuzuia manyunyu juu, na pande zisizopungua mbili zibaki wazi, hata mteja akilalamika. Akisikia baridi mpe mtori au chai ya tangawizi.

Tena usisahau wanaoishi juu. Mlalo ina nyumba za ghorofa za udongo zenye roshani za mbao, ndizo zinazowafanya wageni wasimame wapige picha. Moshi wa mishikaki thelathini unaochomwa katikati ya mtaa mwembamba hauendi mbinguni moja kwa moja, unapita kwanza chumbani kwa mtu. Je, huyo aliye juu ameulizwa? Yumo kwenye kikundi? Barua yako haikumtaja, nami nashuku hata barua ya kikundi haikumtaja.

Sasa kuhusu hiyo barua yenyewe na hoja ya wenzako kwamba shemeji hana hati ya barabara. Ni kweli hana. Nanyi hamna. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na za wilaya, za mitaa na za vijijini ziko chini ya TARURA tangu ilipoanzishwa mwaka 2017. Kabla ya saini ya mtu yeyote, mtendaji awaambie mtaa wenu uko upande upi, kwa sababu ndiko kibali kinakotoka, pamoja na halmashauri na askari wa usalama barabarani. Mtendaji hawezi kuifunga barabara kwa muhuri wake peke yake, hata akiwa mtu mwema na mpenda mishikaki. Afisa afya naye atataka kujua maji ya kunawa yako wapi, choo kiko wapi, na kama wapishi wana vyeti vya kupima afya. Halafu kuna swali ambalo nisingependa mlijibu baada ya msiba: mama mwenye uchungu saa mbili usiku anapitia wapi kwenda kujifungua? Kama mtaa huo ndiyo njia pekee ya gari, kizuizi kiwe cha kamba na mtu wa kuifungua, si mawe na meza zilizopigiliwa misumari.

Msichukue ruhusa ya mdomo, na hata mkipewa kitu mkononi msidhani ni cha milele. Desemba 2018 wachuuzi nchini walipewa vitambulisho vya shilingi 20,000, wakaambiwa wafanye biashara bila kubughudhiwa, wengi wakajenga vibanda kando ya barabara na juu ya mitaro. Oktoba 2021 vibanda hivyohivyo vilivunjwa mji baada ya mji, wakahamishiwa maeneo mengine. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema aliyekuwa ameweka mtaji wake wote kwenye mbao na mabati kando ya barabara ndiye aliyeumia zaidi. Chochote mtakachopeleka barabarani kiwe cha kukunjwa na kuondoshwa jioni.

Nije kwenye pesa, maana umelitaja kwa sauti ndogo jambo linaloweza kukupeleka kubaya kuliko ugomvi wa shemeji. Wewe ni mhazini. Mwenyekiti amenunua turubai na taa kabla kibali hakijaombwa, na risiti ni moja. Siku mambo yakiharibika, wanachama hawatamwuliza aliyenunua, watamwuliza aliyekuwa anatunza. Kesho, kabla ya neno lolote juu ya saini, mwombe risiti zilizobaki. Kama hazipo, aandike kwa mkono wake alinunua nini, wapi, kwa shilingi ngapi, na asaini mbele ya katibu. Kisha uitishe kikao, usome hesabu, utangaze kwamba hakuna senti itakayotoka tena mpaka kibali kipatikane kwa maandishi. Akikasirika, mwache akasirike. Mtu mwenye nia safi hukasirika siku moja tu kwa kudaiwa risiti.

Haya, shemeji.

Wenzako wanasema unamwogopa. Mimi naona unamheshimu, na ni vitu viwili. Lakini nikuambie wazi, msaada wake hauinunui saini yako. Alikukopesha mtaji, umshukuru na umlipe kama hujamaliza, yakaishia hapo. Kama wazo lingekuwa zuri na lenye haki, ningekwambia usaini hata akinuna mwaka mzima. Sababu ya kumwendea ni nyingine. Yeye ndiye anayejua gari la mwisho linaondoka saa ngapi, siku zipi hakuna mzigo, msimu upi kabichi ni nyingi na upi stoo ni tupu. Kikundi kimepanga saa za kufunga mtaa bila kumwuliza mtu mwenye saa zote za mtaa kichwani. Na kilichomkera zaidi, ukisoma barua yako vizuri, ni kwamba habari ameipata mtaani. Mke wa mdogo wake ni mhazini wa jambo linalogusa stoo yake, naye anasikia kutoka kwa wapita njia. Ungekuwa wewe ungekaa kwenye kiti?

Nenda nyumbani kwake, usiende stoo mbele ya vibarua. Nenda jioni ambayo hakuna mzigo, mke wake akiwepo. Mwenyekiti mwache, na ile barua iache pia. Ukifika mpe shikamoo yake kamili na uanze na kosa la adabu: "Shemeji, ulipaswa kulisikia hili kwangu, nisamehe." Usianze kukitetea kikundi. Akishapoa, na atapoa, watu wanaofoka bila kukaa huwa wanataka waombwe wakae, mwulize hayo maswali ya saa na siku. Andika majibu yake. Mwulize pia kama siku ya gulio mtaa ukifungwa kuanzia saa nne mpaka saa kumi kutakuwa na hasara kwake, na kama ipo, ni ipi. Huenda akakuambia kuna gari moja huingia saa tisa. Basi mtaa ufunguliwe saa nane na nusu, dunia haitaisha. Huenda hata akataka meza yake mwenyewe nje ya stoo ya kuuzia viazi vya kukaanga. Wafanyabiashara ni watu wa ajabu, ukiwaonyesha wanachopata husahau walichoapa.

Akikataa kila kitu bila sababu, hapo utakuwa umetimiza wajibu wako, na kikundi kitaendelea na njia ya halmashauri ambako naye ana haki ya kupinga kwa maandishi kama mwananchi yeyote. Lakini sidhani kama mtafika huko.

Na mume wako mwambie Shangazi kasema hivi: ugomvi ni kati ya kaka yake na wewe mkewe, na makande yanayouzwa hapo yanamlisha na yeye. Yumo. Siku ya kwenda kwa kaka yake afuatane nawe, hata kama atakaa kimya na kunywa chai tu. Kukaa kwake upande wako sebuleni kutasema yanayotosha.

Kwa mwenyekiti usiwe na kinyongo. Vijana wanaorudi na mawazo ni wachache, wengi hurudi na simu mpya. Mpe kazi inayomfaa: apange meza za siku ya gulio, apange foleni ya kunawa mikono, awafundishe wenzake kupika kwa usafi aliouona hotelini Unguja. Jaribuni siku za gulio za mwezi mmoja tu, Juni. Kila mmoja aandike alichouza siku hizo na alichouza siku kama hizo bila meza. Mkiona faida, ongezeni Julai. Mkiona hasara, mtakuwa mmepoteza mwezi, hamjapoteza mtaa wala udugu. Taa zilizonunuliwa zitundikwe vibandani na karibu na stoo, wapakiaji wataona wanapokanyaga na kibanda chako kitaonekana kutoka mbali.

Barua ya sasa usiitie saini. Waambie wenzako kwa upole kwamba utasaini nyingine, itakayotaja siku ya gulio, saa za mchana, mwezi mmoja wa majaribio, njia ya gari la wagonjwa, na majina ya wakazi na wenye stoo waliokubali, jina la shemeji yako likiwemo. Ikishaandikwa, nitumie nakala niione kabla haijafika kwa mtendaji.